Longonot, Elephant Hill au Lesatima: uchague mlima upi wa siku moja?

Mtu akishamaliza Ngong Hills, vile vilima vya karibu na Nairobi, bila kuchechemea, swali huwa lilelile: sasa niende wapi? Kwenye makundi ya haiki ya WhatsApp jibu hutegemea bango lililotumwa wiki hiyo. Jumamosi hii ni Longonot, ijayo ni Elephant Hill, mwisho wa mwezi ni Lesatima. Kila bango limeandikwa "7/10" au "8/10", na hakuna anayesema alama hizo zimepimwa kwa mizani gani.

Milima yote mitatu hupandwa na kushukwa kwa siku moja, na yote huchosha. Tofauti ni kwamba kila mmoja huchosha kwa njia yake, na kibali cha kukupitisha lango la mmoja hakikupitishi la mwingine. Longonot ina mita 2,776. Elephant Hill inakaribia 3,600. Ol Donyo Lesatima, kilele cha juu kabisa cha safu ya Aberdare, ina mita 4,001. Ukizipanga hivyo utadhani ni ngazi: kwanza huu, kisha ule, kisha ule. Mimi siamini ngazi hiyo. Nimetembea na watu waliopanda Elephant Hill wakipiga soga, halafu Longonot ikawaketisha chini saa tano asubuhi, midomo imekauka, wakiuliza kama bodaboda inaweza kufika walipo.

Ninavyovipima

Nimeangalia mambo matano kwa kila mlima. Kwanza kibali: nani anakitoa, unalipaje, na je, ni lazima askari aandamane nawe? Pili, njia yenyewe na kilicho chini ya nyayo. Tatu, kile hasa kinachowaangusha watu, maana kwa Longonot ni jua, kwa Elephant Hill ni tope, na kwa Lesatima ni hewa nyepesi. Nne, ukishindwa katikati, unaweza kugeuza? Tano, unamfaa nani.

Bei sikuzitia. Ada za mbuga na misitu hubadilishwa, na bei ya kikundi hutegemea matatu waliyokodi. Tazama ada ya siku hiyo kwenye eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, kabla hujachangisha wenzako.

Longonot

*Kibali.* Huu ndio ulio rahisi zaidi kwa karatasi. Ni mbuga ya taifa tangu 1983, chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Unafungua akaunti ya eCitizen, unachagua mbuga na tarehe, unalipa kwa simu au kadi, na tiketi inakuja. Lipa ukiwa nyumbani, kwa sababu langoni hawapokei noti, na kuhangaika na mtandao huku foleni ikikusukuma ni kuanza siku vibaya. Beba kitambulisho halisi, kwa kuwa ada ya raia, ya mkazi na ya mgeni hazifanani, na anayesema "nimekisahau" hujikuta akibishana mlangoni. Si lazima utembee na askari. Unaweza kumwomba akusindikize, lakini wengi huenda wenyewe.

*Njia.* Lango liko kwenye mita 2,150 hivi. Kutoka hapo ni kama kilomita tatu hadi ukingo wa shimo la volkano, kisha mzunguko wa ukingo wenyewe, kilomita 7.2, ndipo urudi ulikotoka. Jumla ni kilomita 13 na ushei. Kupanda kutoka langoni ni kukali, na mwisho wa kupanda ule wengi hudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Ukingo si barabara tambarare: unapanda na kushuka, na kilele chenyewe kiko upande wa mbali, kwenye kipande kinachokulazimisha kushika mawe kwa mikono. Udongo ni majivu ya volkano. Wakati wa kiangazi ni vumbi linaloteleza kama unga uliomwagika sakafuni, na mvua imeuchimba njia za maji zinazofika kiunoni.

*Kinachoangusha.* Jua. Ukingoni hakuna kivuli cha maana wala maji ya kunywa. Lita tatu kwa mtu mmoja si nyingi. Kofia yenye ukingo mpana, kitambaa cha kufunika pua, mikono mirefu. Ukiwa langoni saa kumi na mbili asubuhi linapofunguliwa, utakuwa umeumaliza mzunguko kabla jua halijasimama utosini. Ukifika saa nne, umeamua mwenyewe.

*Kugeuza.* Ukifika ukingoni na miguu ikakataa, piga picha, kula ndizi yako, shuka. Umeona shimo lote na msitu ulio ndani yake, na hakuna aliyekucheka. Ila ukishaanza mzunguko na kufika nusu, kurudi nyuma na kwenda mbele ni umbali uleule.

*Unamfaa nani.* Asiye na gari: matatu za barabara ya Mai Mahiu zinazoelekea Naivasha hukushusha Longonot, na bodaboda hukumalizia hadi langoni. Mtu wa mara ya kwanza aliyezoea kutembea. Anayetaka kwenda na mwenzake mmoja tu bila kikundi. Haumfai mwenye hofu ya mahali pembamba penye bonde pande mbili, wala anayeugua akipigwa na jua.

Elephant Hill

*Kibali.* Hapa ndipo wengi hukosea. Mlima uko kwenye safu ya Aberdare, kwa hiyo mtu hununua tiketi ya Mbuga ya Aberdare ya KWS na kujiona amemaliza. Njia ya Elephant Hill inapita kwenye msitu wa hifadhi, si mbuga, na msitu ni wa KFS, shirika la misitu. Unaripoti kituo cha msitu cha Njabini, unalipa ada ya KFS kwa mfumo wa serikali (ile namba ya malipo kwa simu, 222222), na unapewa askari mwenye bunduki. Askari si pambo. Tembo na nyati wanaishi ndani ya ile mianzi, na katikati ya mianzi huoni hatua kumi mbele.

Wasiliana na kituo siku kadhaa kabla, hasa kwa Jumamosi. Askari ni wachache na vikundi ni vingi. Nilikuwa kwenye kikundi kimoja ambacho mratibu wake alidhani askari huwa wanangojea tu. Tulifika saa moja na nusu, tukaondoka saa nne kasoro, baada ya askari kupatikana. Yale masaa mawili hayakurudi: jioni tulishuka mianzi kwa tochi tatu, watu kumi na wanane.

*Njia.* Unaiacha barabara ya Nakuru mahali paitwapo Flyover na kuelekea Njabini, kwa hiyo kutoka Nairobi ni safari ya asubuhi tu. Mguu huanza taratibu, kisha mianzi, na mianzi haina haraka ya kukuachia. Ni njia nyembamba, yenye giza, mizizi na tope. Ukitoka juu ya mianzi kuna mahali wapandaji wamepabatiza Point of Despair, na jina hilo halikutolewa kwa mzaha: hapo ndipo unapouona mlima kwa mara ya kwanza, na unauona uko mbali. Kutoka hapo ni nyasi, vichaka vya baridi na vilima vinavyofuatana kama mgongo wa mnyama aliyelala. Kila kimoja hukudanganya kuwa ndicho kilele. Kwa kikundi cha kawaida, kwenda na kurudi hula kati ya saa saba na tisa.

*Kinachoangusha.* Tope, na zaidi tope la kushuka. Wakati wa kupanda tope linakupunguza mwendo tu. Wakati wa kurudi, mapaja yamechoka, unaanza kuteleza, unashika mwanzi uliokatwa wenye ncha, unaanguka, unainuka, unaanguka tena. Raba za mjini huku hufa. Ya rafiki yangu ilibanduka soli yote, tukaifunga kwa kamba ya begi. Viatu vyenye meno marefu vinavyoshika kifundo, glavu za bei rahisi, fimbo ya kutembelea, na soksi za pili ndani ya mfuko wa plastiki. Wapo wanaoapa kwa gamubuti. Ni kweli tope haliingii, lakini kisigino hucheza ndani na kucha za vidole gumba hulipia gharama wakati wa kushuka.

Usisahau baridi. Mvua ya mawe hunyesha huko juu mchana ambao Nairobi watu wako nje na fulana. Koti la mvua ni lazima hata kama mbingu ni bluu.

*Kugeuza.* Unaweza, lakini si peke yako. Askari ni mmoja na kikundi ni kimoja. Kabla ya kuondoka kituoni uliza: atakayechoka atashuka na nani? Kikundi chenye askari wawili, au kilichokubaliana kwamba wote watageuka saa saba mchana popote walipo, ni kikundi cha kwenda nacho. Kinachojibu "hakuna atakayechoka" kiache.

*Unamfaa nani.* Anayependa msitu, asiyejali kuchafuka, mwenye magoti mazima. Pia anayetaka kuonja baridi na mwinuko bila kulala mbali. Kwa mwenye goti bovu nitakuwa mkali: kupanda utapanda, kushuka kutakukumbusha kwa wiki nzima.

Ol Donyo Lesatima

*Kibali.* Hapa ni ndani ya Mbuga ya Taifa ya Aberdare, iliyoanzishwa 1950, kwa hiyo ni KWS na eCitizen tena. Lakini si rahisi kama Longonot. Tiketi ya mtu ni moja, gari nalo lina ada yake, na kutembea kwa miguu ndani ya mbuga ile yenye nyati na tembo huhitaji askari wa KWS aliyepangwa mapema na ofisi ya mbuga. Taja lango utakaloingilia. Wanaopitia Dragon's Teeth, yale majabali yaliyosimama kama meno, huingilia Wanderis. Askari akikungojea lango jingine, kibali chako ni karatasi tu.

*Njia.* Hakuna mianzi ya kugombana nayo siku nzima. Ni uwanda wa juu, wazi, wenye mashungi ya nyasi yanayofika magotini na mimea mikubwa ya lobelia iliyosimama kama watu kwenye ukungu. Kutembea kati ya mashungi kunachosha kuliko kunavyoonekana, kwa kuwa kila hatua unaamua: nikanyage juu ya shungi linaloyumba, au kati ya mashungi penye maji? Jina la mlima ni la Kimaasai, mlima wa ndama dume, na kwa umbo la mbali ni mpole. Hakuna mahali pa kuning'inia. Ukungu ukishuka, hata hivyo, uwanda wote unafanana, na hapo utashukuru kuwa askari anaijua njia.

*Kinachoangusha.* Hewa. Kwenye mita 4,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 60 ya lile la Mombasa. Nairobi tuna asilimia 80 na kidogo, ndiyo maana hatuhisi kitu ngazini kwetu. Tatizo la Lesatima kwa mtu wa siku moja ni kasi. Unaamka Nairobi kwenye mita 1,700, gari linakupandisha hadi juu ya 3,000, halafu unatembea hadi 4,001, yote kabla ya chakula cha mchana. Mwili haukupata usiku hata mmoja wa kujizoesha. Wengi hupata kichwa kuuma na kichefuchefu, na mazoezi ya gym hayakukingi: nimeona wakimbiaji hodari wakitapika nyuma ya jiwe huku mama wa miaka hamsini na ushei akipita polepole akitafuna njugu.

Kwa hiyo lala Nyahururu au Ol Kalou usiku uliotangulia. Miji yote miwili iko juu ya mita 2,300, na hata usiku mmoja husaidia, mbali na kukuokoa na kuondoka Nairobi saa nane usiku. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kujibu maswali kwa kuchanganyikiwa, hakuna kumpumzisha akae apate nafuu. Anashushwa hapo hapo.

Baridi nayo: kila mita 1,000 unazopanda joto hushuka kwa nyuzi sita hivi. Toka Nairobi hadi kileleni ni pungufu ya nyuzi kama 14, kabla hujahesabu upepo. Jinzi na fulana za pamba zikilowa zinakunyonya joto la mwili. Valia kitambaa kinachokauka upesi, sweta la manyoya, koti la kuzuia upepo na mvua, kofia ya kufunika masikio. Uwanda ule hauna mti, na radi za alasiri hazichagui. Kuwa umegeuka kufikia saa saba mchana.

*Kugeuza.* Kwa miguu ni rahisi kuliko Elephant Hill, kwa kuwa njia haina mteremko wa kuogofya. Kwa gari ni kazi. Barabara za Aberdare zikinyeshewa hazipitiki bila gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, na matatu ya kukodi yenye dereva jasiri si mbadala wa gari hilo.

*Unamfaa nani.* Anayejiandaa kwa Mlima Kenya au Kilimanjaro na anataka kujua kichwa chake kinasemaje kwenye mita 4,000. Mwenye magoti yasiyopenda miteremko mikali. Mwenye gari, au kikundi chenye gari la maana, na bajeti ya kulala njiani.

Kabla ya wowote kati yao

Majuma sita yanatosha kwa mtu anayetembea kila siku. Ghorofa yako ndiyo mlima wako: panda na ushuke ngazi ukiwa na begi lenye chupa za maji, ukianza na kilo tatu na kufika saba au nane. Kushuka ndiko kwenye faida, kwa kuwa maumivu ya mapaja ya Jumatatu hutokana na kushuka, si kupanda. Wanaotumia lifti kushuka "kupumzika" wanajinyima nusu ya zoezi. Majuma mawili kabla ya siku yenyewe, nenda Ngong Hills kwenda na kurudi ukiwa na viatu vilevile na begi lilelile. Kiatu kipya hakianziwi mlimani.

Chakula kisiwe cha kujaribia. Viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, ndizi, njugu, chapati zilizobaki jana. Kula kidogo kila saa hata kama huna njaa, hasa Lesatima, ambako mwinuko huua hamu ya kula.

Tochi ya kichwani, na chaji. Kwetu jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na giza halibishi hodi. Mweleze mtu aliyebaki nyumbani ni mlima gani, lango gani, na saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi.

Ukienda na kikundi, uliza maswali manne kabla ya kutuma M-Pesa: ada ya lango imo ndani ya bei? Askari amethibitishwa, au "atapatikana"? Nani anatembea nyuma ya wa mwisho? Mvua ikinyesha na mkageuka, fedha zangu zinakwendaje?

Kulingana na hali yako

Una Jumapili moja, huna gari, na uamuzi unafanywa Ijumaa jioni: Longonot. Tiketi utaipata usiku huohuo, na huhitaji kumngojea askari wala kikundi.

Umeshafanya Longonot, umechoka na vumbi, na una majuma mawili ya kupanga: Elephant Hill, ukiepuka Machi hadi Mei na mvua za vuli, isipokuwa kama tope ndilo unalolifuata.

Umeandika jina kwenye safari ya Point Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya: Lesatima itakufundisha zaidi, lakini kalale juu usiku mmoja.

Goti lako lina historia: Lesatima kabla ya Elephant Hill, au Longonot hadi ukingoni na kurudi. Una pumu, shinikizo la damu au mimba: daktari kwanza, na Lesatima iwe ya mwisho kufikiriwa.

Unapeleka kijana wa miaka kumi na mitatu anayecheza mpira kila siku: Longonot asubuhi sana, na umwache akutangulie hadi ukingoni, hapo akungoje.

Mko watu ishirini wa ofisi moja, nusu yao hawajawahi kutembea kilomita tano: Longonot, mkikubaliana tangu kwenye gari kwamba ukingoni ni mwisho wa safari kwa anayetaka. Kikundi cha namna hiyo kikipelekwa Elephant Hill, wa mwisho atatoka msituni usiku, na wengine wote watakuwa kwenye gari, wamelowa, wakimngoja.